Gumba Kwanza: Miaka Mitatu ya Kujifunza Gitaa Kavu

Kwa mwaka mzima karatasi yenye kodi 24 za gitaa, yaani michoro ya namna vidole vinavyobana nyuzi ili noti kadhaa zilie pamoja, ilikuwa imebandikwa ukutani kwangu, juu ya meza ninayosahihishia madaftari ya hisabati, na kila jioni niliitazama na kuvipanga vidole vya mkono wa kushoto kama ilivyochorwa. Nilizijua zote. Ungeniuliza A maina, ningeishika nikiwa nimefumba macho. Lakini siku jumuiya yetu iliponiomba niisindikize kwa wimbo mmoja wa shukrani, wenye kodi tatu ambazo ni za kwanza kabisa kwenye karatasi ile, waimbaji waliniacha kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kodi nilizishika sawasawa. Kilichokosekana ni mwendo wa mkono wa kulia, ambao ulikuwa ukipiga nyuzi pale tu wa kushoto ulipokuwa tayari na kusimama pale usipokuwa tayari, na waimbaji hawakuwa na sababu ya kunisubiri.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi siku ile. Ana gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme, ambalo wazee wetu wengi bado huliita galatoni kwa kukumbuka magitaa yenye chapa ya Gallotone yaliyotoka Afrika Kusini. Anajua kodi kadhaa. Amejaribu kudonoa uzi mmoja mmoja na amejaribu kuzicharaza nyuzi zote kwa pamoja. Na bado kinachotoka hakiimbiki. Miaka mitatu iliyopita nilianza kwenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, hapa Kahama, kila Alhamisi jioni, na karibu kila nilichojifunza kwake kinahusu kidole kimoja.

Mzee huyo ni mtu wa Kigoma. Alifanya kazi reli hadi kustaafu, kisha akahamia huku kumfuata binti yake, na sasa amepita miaka 80. Gitaa alijifunza akiwa kijana, kutoka kwa watu waliokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika wakitokea Albertville, mji ambao siku hizi unaitwa Kalemie, na mpaka leo anapiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, kidole gumba na kidole cha shahada, huku vile vitatu vilivyobaki vimetulia juu ya ubao kama watu waliokaa barazani. Nilipofika kwake mara ya kwanza na kumwamkia, aliitikia marahaba yake, akanisikiliza nikipiga wimbo ule ulionishinda, kisha akasema, “Mwalimu, huo mkono wa kushoto uweke mfukoni.”

Kwa wiki mbili za mwanzo mkono wa kushoto haukugusa shingo ya gitaa. Kazi yangu ilikuwa kupiga uzi wa tano (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa, na wa sita ndio mnene kuliko wote) kwa kidole gumba, kisha uzi wa nne, kisha wa tano, kisha wa nne, bila kuongeza chochote, wakati mzee akiikwaruza chupa ya kioo ya Fanta, ile ya zamani yenye matuta ubavuni, kwa mpini wa kijiko. Chupa ilikwenda polepole na kwa mwendo mmoja. Nilipochelewa, au nilipowahi kwa sababu ya hamu ya kumaliza, alinyamazisha chupa bila kusema neno, akasubiri nianze upya. Mwanzoni ilinyamaza kila baada ya nusu dakika. Mtu anayejua kufundisha milinganyo darasani huona aibu kushindwa kuhesabu hadi nne kwa kidole kimoja, na ninakiri kwamba katika juma la kwanza nilifikiri mzee ananipotezea muda.

Sikuelewa alichokuwa akitafuta mpaka nilipoanza kusikiliza upya nyimbo za gitaa kavu nilizokuwa nikizipenda tangu utotoni. Katika nyimbo hizo hakuna ngoma, hakuna besi, na mara nyingi hakuna mtu mwingine zaidi ya mwimbaji na gitaa lake. Hata hivyo mguu wa msikilizaji unatikisika. Anayeutikisa ni kidole gumba, ambacho kinarudi kwenye nyuzi nene kila pigo, kikifanya kazi ya mpiga ngoma na ya mpiga besi kwa wakati mmoja, wakati kidole cha shahada kinaimba juu yake kwenye nyuzi nyembamba. Kidole gumba kikisita, ni sawa na bendi nzima kusita, na hapo hata kodi nzuri namna gani haiwezi kuuokoa wimbo. Karatasi yangu ya ukutani ilikuwa imeeleza kila kitu kuhusu mkono wa kushoto na haikusema hata neno moja kuhusu mkono wa kulia. Na video nyingi nilizokuwa nikizitazama kwenye simu ziliweka kamera mbele ya shingo ya gitaa, kana kwamba mkono ule mwingine unajiendesha wenyewe.

Chupa ile nayo ina ukoo wake. Katika rekodi za wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya, hasa za George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, utasikia nyuma ya gitaa sauti kavu ya kukwaruza na kugonga, na hiyo ni chupa ya soda. Upigaji wao unaitwa omutibo, na ndani yake kidole gumba na kidole cha shahada hugawana kazi kwa namna ileile aliyonifundisha mzee wa Kigoma, ambaye hajawahi kufika Kakamega. Ukiuliza mitindo hiyo miwili ilikutana wapi, lazima uvuke ziwa na kwenda Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo.

Katanga ya miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa nchi ya mashimo ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imekusanya watu wa makabila mengi kwenye miji ya Elisabethville (Lubumbashi ya leo), Jadotville na Kolwezi, na watu hao walihitaji lugha moja ya kuelewana, ambayo ilikuwa Kiswahili, na chombo kimoja chepesi ambacho mtu angeweza kukibeba begani baada ya kazi, ambacho kilikuwa gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodia, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, kijana wa miaka ishirini na kidogo aliyeitwa Jean Bosco Mwenda. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi kwake ni “Masanga”, ambao hadi leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani huusikiliza kwa kurudiarudia wakijaribu kuamini kwamba ni mtu mmoja anayepiga. Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika mwaka 1954, na mkusanyo huo sasa uko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft aliandika nota za upigaji wa Mwenda katika jarida, na akazichambua kama ubunifu wa papo kwa papo, kwa sababu mpigaji huyo hakulazimika kuurudia wimbo wake vilevile kila anapoupiga. Mwenda na mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi pia, wakapiga huko, na vijana wa Kenya wakatazama vidole vyao.

Kuna jambo moja katika habari za Mwenda ambalo lilinigusa binafsi. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, na baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Bayeke ni watu waliohamia Katanga katika karne ya 19 wakitoka upande huu wetu wa Usumbwa na Unyamwezi, wakifuata biashara ya shaba na pembe, chini ya Msiri, ambaye aliifanya Bunkeya kuwa makao yake na akauawa mwaka 1891 wakati Wazungu wakiichukua nchi ile. Mimi ni Msumbwa wa Bukombe. Sisemi kwamba damu inafundisha vidole, maana vyangu vingekuwa vimeshajua. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kujifunza kitu ukidhani ni cha kuazima na kujifunza kitu ukijua kwamba watu waliokitengeneza waliondoka kwenye vijiji vya babu zako na walikuwa wakiimba kwa lugha unayoisema.

Nirudi kwenye vidole. Baada ya wiki mbili, mkono wa kushoto uliruhusiwa kutoka mfukoni, na kodi ya kwanza ilikuwa C. Mimi nimelelewa katika kwaya, ambako muziki huandikwa kwa solfa, yaani do, re, mi, kwa hiyo nilielewa haraka zaidi nilipoacha herufi na kuziita noti kwa majina ya kwaya. Katika C, uzi wa tano ukibanwa freti ya tatu (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) unatoa do, na uzi wa nne ukibanwa freti ya pili unatoa mi, kwa hiyo kidole gumba kinaimba do, mi, do, mi. Katika G, uzi wa sita ukibanwa freti ya tatu ni so, na uzi wa nne ukiachwa wazi ni re. Nyimbo nyingi sana za gitaa kavu hukaa kwenye kodi tatu tu, ile ya do, ile ya fa na ile ya so, na mwimbaji ambaye sauti yake iko juu zaidi hufunga kapo, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni: akiifunga freti ya pili, vidole vinabaki C lakini wimbo unapanda hadi D.

Kidole cha shahada kilipoingia, kila kitu kilivurugika. Kila kilipotaka kugusa uzi wa kwanza katikati ya mapigo mawili, kidole gumba nacho kilitaka kwenda nacho, kama watoto wawili wanaogombea mlango mmoja. Hapo ndipo mzee alipoachana na kuhesabu na kunipa maneno. Alinifundisha kusema kwa sauti, nikiwa ninapiga, “baba yuko, mama yuko.” Yaseme mwenyewe na usikilize. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika maneno haya manne mkazo unaangukia ba ya kwanza, yu, ma ya kwanza na yu, na hayo ndiyo mapigo manne ya kidole gumba. Silabi zilizobaki, zile nyepesi, ni nafasi za kidole cha shahada. Ukitaka kuanza kwa urahisi, kidole cha shahada kipige uzi wa kwanza pamoja na kidole gumba kwenye ba ya mwanzo, kisha kinyamaze, kisha kipige uzi wa pili kwenye ko ya kwanza, na uzi wa kwanza tena kwenye ma ile ya mwisho wa mama. Kidole gumba hakibadilishi chochote. Kinaendelea na mkazo wake hata kama kidole cha shahada kimepotea njia.

Nilitumia miezi mitatu hapo, na sioni kuwa ni mingi. Kinachotokea katika miezi hiyo hakionekani kwa macho: siku moja unajikuta unaweza kumjibu mtu aliyeingia mlangoni, ukamwambia karibu na kumwonyesha kiti, na kidole gumba hakijasimama. Mzee alikuwa akinipima kwa namna hiyo makusudi. Aliniuliza habari za shule, bei ya mpunga, kama mvua imefika Bukombe, na nikishindwa kujibu bila kuacha kupiga, alijua kwamba bado ninahesabu kichwani. Nilipoweza, aliniongezea kidogo: kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikibana uzi wa kwanza freti ya tatu, C inapata so juu yake, na tayari una noti nne za kutungia kiitikio kizima, so ya uzi wa tatu ulio wazi, do ya uzi wa pili, mi ya uzi wa kwanza ulio wazi, na hiyo so mpya.

Kinachofanya upigaji wa Katanga usikike kama watu wawili ni kwamba kidole cha shahada hakipendi kukaa juu ya mkazo. Kinatangulia kidogo au kinachelewa kidogo, kinadokeza noti kabla ya kidole gumba kufika, na kwa kuwa kidole gumba hakitikisiki, sikio linasikia mazungumzo badala ya kosa. Nimegundua kwamba utangulizi huo hauwezi kuigizwa na mtu ambaye kidole gumba chake bado hakijakomaa, kwa sababu ili noti itangulie pigo, lazima kwanza pigo lenyewe liwe na uhakika wa kuja. Nilijaribu kuruka hatua hiyo mara nyingi. Kila mara chupa ilinyamaza.

Kuhusu kucharaza, nilikuwa na imani kwamba ni jambo la wanaoanza, na kwamba kudonoa ni la waliokomaa. Mzee hakubaliani na mgawanyo huo na mimi sasa sikubaliani nao pia, kwa kuwa ni mkono uleule na mwendo uleule. Mkono unashuka kwenye kila mkazo na kupanda kwenye kila silabi nyepesi, na haukomi kushuka na kupanda hata pale usipogusa nyuzi. Chukua maneno yaleyale. Kwenye ba ya kwanza shuka. Kwenye ba ya pili mkono upande hewani bila kugusa. Kwenye yu shuka, kwenye ko panda. Kwenye ma ya kwanza mkono ushuke hewani, usiguse. Kwenye ma ya pili panda, kwenye yu shuka, kwenye ko panda. Huo ndio mchezo ambao utausikia ukisindikiza nyimbo za kambini, za kwaya za vijana na za harusi karibu kila mahali duniani, na uzuri wake wote uko kwenye lile pigo la tatu ambalo mkono unapita na hauligusi. Anayeanza huwa anausimamisha mkono hapo, akidhani kutopiga ni kutulia. Mkono ukisimama, hautajua saa ya kurudi, na nadhani hilo ndilo lililonipata mbele ya jumuiya yangu, maana kila kodi ilipobadilika mkono wangu ulikuwa ukisimama kuingoja.

Kati ya kudonoa na kucharaza kuna njia ya tatu ambayo ninaipenda kuliko zote mbili, nayo nilijifunza kwa kusikiliza rekodi za Marekani. Maybelle Carter, ambaye pamoja na jamaa zake walirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 katika mji wa Bristol, aliupiga wimbo wenyewe kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene, na katikati ya noti hizo akazipangusa nyuzi nyembamba kwa kidole cha shahada, ili wimbo na mwendo vitoke kwenye gitaa moja. Ukianza, piga uzi wa tano kwa kidole gumba, pangusa, piga uzi wa nne, pangusa. Noti nene kwenye pigo la kwanza na la tatu, mpanguso kwenye la pili na la nne. Nilipomwonyesha mzee alicheka kwa furaha, akaniambia kwamba watu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa na kitu kama hicho. Merle Travis wa Kentucky naye alijulikana kwa kupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada peke yake, bila kutumia vile vingine, na ninaona jambo la kustaajabisha kwamba watu wa mashimo ya makaa ya mawe ya kule na watu wa mashimo ya shaba ya huku waliamua kugawa mkono kwa namna moja. Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo isipokuwa kwamba mkono wa binadamu ni uleule.

Yako mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia na ambayo yalinigharimu. Gitaa langu nililinunua katika duka moja la Mwanza, na nyuzi zake zilikuwa zimeinuka juu ya shingo kiasi kwamba kwenye freti ya 12 nilipima milimita 5. Nililia vidole kwa miezi nikidhani ndiyo kawaida ya gitaa. Kawaida ni kama nusu ya hapo. Fundi seremala wa mtaani alitoa kile kipande chembamba cha plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja, akakipiga msasa upande wa chini kidogo kidogo, huku tukikirudisha na kupima kila mara, kwa sababu kikipunguzwa kupita kiasi nyuzi zitagusa freti na kutoa mlio wa nzi. Nilibadilisha pia nyuzi za chuma, nikachukua seti nyepesi ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.010. Ni kweli kwamba sauti ilipungua uzito, lakini mtu anayefanya mazoezi kila siku anahitaji vidole vitakavyokuwepo kesho. Sugu za mkono wa kushoto zilijitokeza baada ya wiki chache na zikadumu. Kwenye mkono wa kulia ninaacha ukucha wa kidole gumba utokeze kidogo tu, ili nyama iguse uzi kwanza na ukucha umalizie, jambo linalofanya noti nene iwe na mwili.

Piki, yaani kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, siitumii. Najua wako wanaoipenda, na kwa kucharaza mbele ya watu wengi inasaidia sauti kufika mbali, lakini ninamshauri anayeanza aiache kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu piki inavigeuza vidole vitano kuwa kitu kimoja, na hapo kidole gumba hakitapata nafasi ya kujifunza kukaa peke yake.

Kodi ya F ndiyo iliyonitesa na inaendelea kunitesa. Karatasi ya ukutani inaionyesha kwa kulaza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote sita. Mzee haipigi hivyo. Yeye anaipitisha shingo ya gitaa kwenye kiganja kama mtu anayeshika mpini wa jembe, kidole gumba cha kushoto kikatokeza upande wa juu na kuubana uzi wa sita freti ya kwanza, huku kidole cha shahada kikilala juu ya nyuzi mbili nyembamba tu. Kwa namna hiyo kidole gumba cha kulia kinapata fa ya chini kwenye uzi wa sita na fa ya juu kwenye uzi wa nne, na mwendo wa besi haukatiki wakati wa kutoka C kwenda F na kurudi. Viganja vyangu ni vidogo kuliko vyake. Kwa muda mrefu nilitumia F fupi ya nyuzi nne, ambamo kidole gumba kinapiga fa kwenye uzi wa nne na la kwenye uzi wa tatu, na ukilazimika, hiyo inatosha kabisa. Lakini besi inapanda juu ghafla, na msikilizaji anahisi kama sakafu imeinuka.

Kuimba huku ukipiga ni somo jingine ambalo nililianza mwaka huu. Sauti inataka kuufuata mkazo wa maneno, kidole cha shahada kinataka kuifuata sauti, na kidole gumba kinabaki kuwa pekee chenye akili timamu. Mzee alinizuia kuanza na maneno. Aliniambia nizungumze ule wimbo kwanza, kama mtu anayesimulia habari, mkono ukiendelea na kazi yake. Kisha niuvume mdomo ukiwa umefungwa. Kisha niuimbe kwa solfa. Maneno yaje mwisho. Hatua ya kuuvuma ndiyo iliyonifungua zaidi, kwa kuwa hapo nilisikia kwa mara ya kwanza pale sauti yangu na uzi wa pili vilipokuwa vikiimba kitu kimoja bila sababu, nikaanza kumwachia kila mmoja sehemu yake.

Wimbo ninaoufanyia kazi sasa ni uleule wa shukrani. Una beti nne na kiitikio, C, F na G, na jumuiya yetu inauimba taratibu kuliko nilivyokumbuka. Kila Alhamisi ninaupiga wote mbele ya mzee, naye huweka kikombe chake cha chai chini, akachukua kijiko na chupa. Alhamisi iliyopita chupa ilinyamaza mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa penye F.